Kodi ya miezi sita ni mkopo, na anayeutoa ni mpangaji

MFANYABIASHARA mdogo anayetafuta chumba Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara huuliza kwanza bei ya mwezi, na dalali humjibu kwa bei ya mwezi. Maumivu huja baadaye. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, mara nyingine mwaka mzima, na dalali naye anataka mwezi wake mmoja kabla ufunguo haujatoka mfukoni.

Chumba cha Sh 50,000, kwa hiyo, si cha Sh 50,000. Siku ya kuingia kinadai Sh 300,000 za kodi na Sh 50,000 za dalali, jumla Sh 350,000, mbali na guta la kubebea godoro na balbu ya kununua, maana aliyehama aliondoka na ya kwake. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote wa mitumba au wa nyanya ni Sh 800,000, hizo ni zaidi ya asilimia 40 ya biashara yake, zimetoka kwa siku moja na hazikununua hata gunia.

Wenye nyumba huuita utaratibu huu kawaida ya mji, na wapangaji wengi wamekubali kuuita hivyo. Kwa lugha ya hesabu una jina jingine: ni mkopo usio na riba, unaotolewa na kabwela mwenye chumba kimoja kwa mtu mwenye nyumba nzima. Ajabu yake ni kwamba mkopo huu unamgharimu sana anayeutoa na unamfaidia kidogo anayeupokea. Mahali palipo na pengo la namna hiyo pana biashara ambayo haijafanywa.

Mahesabu yenyewe si magumu. Mpangaji anayelipa kila mwezi kwa chumba hicho angetoa Sh 50,000 mwezi wa kwanza na kubaki na Sh 250,000 kwenye mzunguko. Mwezi wa pili angebaki na Sh 200,000, wa tatu Sh 150,000, wa nne Sh 100,000, wa tano Sh 50,000, na wa sita hana kitu. Kwa wastani, basi, mwenye nyumba hukaa na Sh 125,000 za mpangaji kwa nusu mwaka. Kama biashara ya mpangaji huyo inampa faida ya asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho si cha ajabu kwa mtu anayegeuza mzigo kila wiki, fedha hizo zingezaa Sh 25,000 mwezi wa kwanza, kisha Sh 20,000, Sh 15,000, Sh 10,000 na Sh 5,000. Jumla ni Sh 75,000. Kodi halisi ya chumba si Sh 300,000 kwa miezi sita bali Sh 375,000, yaani Sh 62,500 kwa mwezi. Mwenye faida ya asilimia 5 tu kwa mwezi hupoteza nusu ya hizo, Sh 37,500, na bado si fedha ya kudharau kwa mtu anayehesabu nauli.

Upande wa pili wa daftari haupendezi hata kidogo. Mwenye nyumba akiziweka zile Sh 125,000 za wastani benki kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, nusu mwaka humpa kama Sh 5,600. Mmoja anapoteza Sh 75,000 ili mwingine apate Sh 5,600. Zilizobaki haziendi kwa mtu yeyote. Ni mzigo ambao haukununuliwa na mteja ambaye alikuta meza iko nusu.

Utaratibu wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni, na kuwalaumu wenye nyumba kwa uroho peke yake ni uvivu wa kufikiri. Miaka ya kati ya 1990 mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 25 kwa mwaka. Katika hali hiyo mwenye nyumba aliyesubiri kodi ya Juni mpaka Juni alipokea karatasi iliyokwisha kuliwa. Kuchukua mapema kulikuwa kujikinga, na hapakuwa na mwenye akili timamu ambaye angefanya vingine. Leo mfumuko umekaa miaka kadhaa kati ya asilimia 3 na 4 au jirani na hapo. Sababu imeondoka, desturi imebaki na viatu vyake mlangoni.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni ujenzi. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1972 ili watu wa kawaida wapate mikopo ya kujengea, ilikufa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kampuni ya kuzikopesha benki fedha za mikopo hiyo, iliyoundwa mwaka 2010, zimefungua mlango kiasi, lakini mlango huo unamtaka mtu awe na hati ya kiwanja na mshahara unaopita benki. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Mjane mwenye kiwanja cha kununua kwa karatasi ya Serikali ya Mtaa pale Charambe hana cha kumwonyesha meneja wa benki. Alichonacho ni vyumba viwili vilivyokwisha na vinne visivyo na bati. Kodi ya miezi sita ya wapangaji wawili ndiyo inayonunua bati la chumba cha tatu. Wapangaji wake ndio benki yake, na hilo lisemwe bila kumwonea haya wala kumwonea huruma kupita kiasi.

Lakini ujenzi una mwisho. Nyumba iliyokwisha kuezekwa miaka kumi iliyopita haina bati la kununua, na bado mwenye nyumba anadai miezi sita. Kwa huyo, hoja ya ujenzi imekwisha muda wake.

Inabaki hoja ya tatu, ambayo wenye nyumba huitoa kwa sauti kubwa zaidi: wapangaji hukimbia. Ni kweli hukimbia. Wapo wanaohama usiku na deni la miezi mitatu, wakaacha kufuli mlangoni na chumba kitupu ndani. Na mwenye nyumba akitaka haki, njia yake ni ndefu. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na migogoro ya nyumba sasa huanguka chini ya mfumo wa mahakama za ardhi uliowekwa na sheria ya mwaka 2002. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mirundo ya kesi za viwanja vya mamilioni, na deni la Sh 150,000 la mtu aliyekwisha hamia Kibaha halina atakayelikimbiza. Kwa hiyo kodi ya mapema ni bima. Swali la kibiashara ni kama bima hiyo inauzwa kwa bei yake.

Haiuzwi. Mwenye nyumba ya vyumba sita akitangaza chumba kwa Sh 55,000 kinacholipwa kila mwezi, badala ya Sh 50,000 kwa miezi sita mbele, huingiza Sh 30,000 zaidi kwa kila chumba katika nusu mwaka, na Sh 180,000 kwa nyumba nzima. Akiondoa kama Sh 34,000 za riba ya benki aliyoikosa, anabaki na Sh 146,000. Hizo zinalipia mtu mmoja kukimbia na deni la zaidi ya miezi miwili na nusu katika kila nusu mwaka, kila mwaka. Akichukua na dhamana ya mwezi mmoja siku ya kuingia, itabidi wapangaji wake wawe mabingwa wa riadha ndipo apate hasara. Na mpangaji, ingawa analipa Sh 5,000 zaidi kila mwezi, bado anaokoa Sh 45,000 katika nusu mwaka kwa kuwa mtaji wake unafanya kazi.

Zamani ingesemwa kuwa kudai kodi kila mwezi ni kugombana kila mwezi. Tangu fedha za simu zianze nchini mwaka 2008 hoja hiyo imepungua nguvu. Kodi inaweza kuingia kwenye simu ya mwenye nyumba akiwa Tanga, na ujumbe wa simu ni risiti bora kuliko daftari la shule linalowekwa chini ya godoro. Wapo wenye nyumba walioanza kupokea miezi mitatu, na wachache mwezi mmoja mmoja. Vyumba vyao havikai wazi muda mrefu.

Siyo wapangaji wote watakaofaidika kwa kiasi kimoja, na hili lisifichwe. Mfanyakazi wa mshahara asiye na biashara, ambaye akiba yake ingekaa bure mfukoni au ingekwenda kwenye harusi ya binamu, pengine anapenda kumaliza kodi mara moja akalala usingizi. Utaratibu wa miezi sita unamfaa. Anayeumia ni mwenye mtaji mdogo unaozunguka haraka, na huyo ndiye mkazi wa kawaida wa vitongoji hivi.

Mbali na kodi yenyewe, chumba cha bei nafuu kina gharama zinazokaa nje ya mkataba. Nyumba nyingi za upande wa Barabara ya Kilwa bado ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna choo, bafu na jiko. Mita ya umeme ni moja. Hapo ndipo amani ya nyumba hujengwa au kubomolewa. Mwenye taa mbili na redio huchanga sawa na mwenye friji anayeuza barafu na maji baridi, na tarehe ya kununua LUKU hugeuka siku ya mashtaka. Mpangaji mwenye friji ni mfanyabiashara anayepewa ruzuku na majirani zake; haishangazi kwamba hataki mita ndogo za kila chumba. Mwenye nyumba mwerevu huzifunga hata hivyo, kwa sababu chumba chenye mita yake hupata mpangaji haraka na kwa kodi iliyo juu kidogo.

Kuna jingine linalopita kimya kwenye mita hiyo hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme, kwanza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 Sh 1,500. Kwa jina lake ni kodi ya mwenye jengo. Kwa vitendo, anayenunua umeme ndiye anayekatwa, naye ni mpangaji. Ikigawanywa kwa vyumba sita ni Sh 250 kwa kila mmoja, kiasi ambacho hakuna atakayevunja urafiki kwa ajili yake, na ndiyo maana hakuna anayekidai. Hata hivyo, anayepanga nyumba nzima hulipa Sh 18,000 kwa mwaka ambazo angepaswa kuziandika kwenye mkataba zikatwe katika kodi.

Halafu kuna umbali. Dalali huuza chumba cha Chanika kwa kusema ni cha bei chee, na bei ya chumba ni chee kweli. Mfano wa muuza vifaa vya simu wa Kariakoo unatosha. Akipanga Tandika kwa Sh 60,000 na kutumia Sh 1,500 kwa siku kwenda na kurudi, kwa siku 26 za kazi nauli ni Sh 39,000, jumla Sh 99,000. Akipanga Chanika kwa Sh 30,000 na kulazimika kubadili magari, akatumia Sh 3,000 kwa siku, nauli ni Sh 78,000 na jumla ni Sh 108,000. Amelipa zaidi, na ameacha saa mbili au tatu za kila siku kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Sehemu ya kodi yake anaipokea kondakta. Chanika inamlipa anayefanya kazi Chanika, na idadi yao inakua, kwa sababu mji umewafuata. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika Mkoa wa Dar es Salaam; ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni 2.9 walioongezeka katika miaka 20 hawakuingia Upanga.

Ndiyo sababu barabara hugeuka kodi. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni mwaka 2016, na Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka huo huo, wenye vyumba karibu na vituo na maingilio walikuwa wa kwanza kubadili bei. Njia ya awamu ya pili imefika Mbagala. Mpangaji wa Zakhem au Kizuiani anayesaini mwaka mzima leo anajifungia bei, na hiyo ni hoja moja nzuri ya kulipa mbele ambayo haitajwi: kodi ya mwaka, ikiandikwa vizuri, humzuia mwenye nyumba kupandisha katikati. Isipoandikwa ni maneno ya barazani.

Kwa mwekezaji mdogo swali limekaa kichwa chini miguu juu: je, vyumba vya kupangisha ni mali ya kununua? Watu wengi wenye akiba ya mafao au mauzo ya shamba hujibu kabla ya kuhesabu. Chukua nyumba ya vyumba sita iliyogharimu Sh milioni 36, kiwanja na ujenzi. Kwa Sh 50,000 kila chumba, mapato ni Sh milioni 3.6 kwa mwaka. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja, Sh 300,000 zinaondoka. Choo kikijaa, rangi ikibanduka na mvua ya masika ikapasua ukuta, Sh 300,000 nyingine. Zinabaki Sh milioni 3, au asilimia 8.3 ya fedha iliyowekwa. Hati fungani za Serikali za muda mrefu katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa riba ya kati ya asilimia 12 na karibu 16 kwa mwaka. Kwa asilimia 12 tu, Sh milioni 36 zingeleta Sh milioni 4.32, na hati fungani haigombani na jirani kuhusu friji.

Kinachoiokoa nyumba ni kiwanja. Ardhi ya vitongoji hivi imepanda kuliko vyumba vilivyo juu yake, na anayejenga Mbagala au Chamazi kwa kweli ananunua ardhi huku wapangaji wakimlindia. Hilo likieleweka, hesabu inabadilika: kiwanja kilichopimwa, hata kikiwa mbali zaidi na kwa bei kubwa zaidi, ni bora kuliko cha karatasi ya mtaa. Mradi wa viwanja 20,000 uliotekelezwa na Serikali kuanzia mwaka 2002 katika maeneo kama Kijichi, Tuangoma, Bunju na Mbweni ulionyesha jinsi thamani inavyokimbilia penye ramani na barabara. Waliovunjiwa mabondeni wanaijua hasara ya upande wa pili: chumba cha bondeni kina kodi ndogo kwa mpangaji, lakini kwa mwekezaji ni dau linalochezwa kila masika.

Wapo wanaotaka Serikali ipige marufuku kodi ya zaidi ya mwezi mmoja. Nia ni njema, dawa ni dhaifu. Nchi hii imekwisha kuwa na sheria ya kudhibiti kodi kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo wenye nyumba walijua kuandika moja kwenye karatasi na kupokea nyingine mkononi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililozaliwa mwaka 1962 na kumeza nyumba za Msajili wa Majumba mwaka 1990, lina nyumba zisizofika 20,000 nchini kote; haliwezi kuwa mshindani wa kuteremsha bei ya mtu yeyote Mbagala. Kinachoweza kumbadilisha mwenye nyumba ni uhakika wa kupata deni lake au chumba chake katika wiki chache, kwa ada ndogo, mbele ya chombo kilicho karibu. Kwa sasa Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha. Likipewa meno kwa madai madogo ya pango, pande zote mbili, bima ya miezi sita itakosa wateja yenyewe.

Wenye fremu za maduka wanalijua tatizo hili kwa ukubwa wake. Fremu ya Rangi Tatu hudaiwa miezi sita au mwaka. Ya Kariakoo hudaiwa mwaka na kilemba juu yake, na kilemba hakina risiti. Mfanyabiashara wa kitongoji anayeishi kwenye chumba cha miezi sita na kuuzia kwenye fremu ya mwaka amefunga mtaji mara mbili, kisha huenda kukopa kwa riba ya kila mwezi ili apate mzigo wa kuweka kwenye rafu alizozilipia.

Wauzaji wa jumla nao wasidhani hayawahusu. Kodi nyingi za miezi sita huangukia Januari na Julai, na Januari huja pamoja na ada za shule, sare na madaftari. Wiki tatu za kwanza za mwaka, mpangaji wa Mbagala hanunui shati, habadilishi simu, na hata unga huupima kwa nusu kilo. Anayepanga kuingiza mzigo wa Januari Kariakoo ahesabu kwanza ni wateja wangapi kati ya wake wanalipa kodi mwezi huo, na kama inawezekana ausogeze mzigo hadi katikati ya Februari.